Memori Alizorudisha Mtani

Rehema na Juma, wanaoendesha karakana sasa, wameniomba niandike namna ya kuchagua memori ya kompyuta ya mezani, kwa sababu wateja wanaendelea kuja na za kwao mfukoni na mimi sipo tena karakanani kubishana nao. Nilikubali. Lakini nilipoanza nikaona siwezi kueleza memori bila kueleza watu, kwa hiyo yametoka haya. Mkiona nimekosea mahali, msinifuate nyumbani. Rekebisheni hapo hapo kwa kalamu.

Niseme mapema kwamba shule yangu iliishia darasa la saba. Kiingereza changu nimekipata kwenye maboksi na kwenye madabodi, zile bodi kuu za kompyuta, kwa hiyo naweza kusoma volti na onyo la kutogeuza mzigo kichwa chini, lakini barua siwezi. Watu wakiniita mtaalamu huwa nageuka kuangalia nani kaingia.

Niliingia karakana ya Bwana Hemedi pale Mitwero nikitokea kwenye redio. Redio nilijifunza kwa kuziharibu za nyumbani, kisha za majirani. Bwana Hemedi naye alikuwa mtu wa redio, ila alihama mapema, watu walipoanza kusikilizia kwenye simu. Siku ya kwanza nilivaa shati la Idi. Nilidhani nitakabidhiwa bisibisi. Akanikabidhi raba ya kufutia penseli na bakuli lililojaa memori, akaniambia nisugue meno yake, yeye anakwenda kuswali.

Kwa asiyejua, memori ni kibao chembamba, urefu wake kama kitana. Mgongoni kimepangwa chipu, vile vipande vyeusi, na ukingoni kina meno ya rangi ya dhahabu yanayoingia kwenye madabodi. Kazi yake ni kushika kile ambacho kompyuta inakifikiria sasa hivi. Ukizima, inasahau yote. Bwana Hemedi alisema ni kama akili ya mtu aliyetumwa dukani. Sijui kama ni mfano mzuri, lakini mpaka nastaafu sikupata mwingine.

Nilisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Nilidhani napimwa uvumilivu, kumbe ile ndiyo kazi yenyewe. Huku kwetu hewa ina chumvi, na chumvi haibagui. Meno ya memori yanafifia, yanakuwa kama sufuria lililosahauliwa, na kompyuta inaanza kulia pii pii badala ya kuwaka. Kompyuta za shule moja kule Mchinga tulikuwa tunazisugua kila shule zinapofungwa. Mwalimu mkuu alidhani tunaweka dawa. Tulimweleza ni raba tu, akasema sawa, basi tuongeze dawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujamwambia mtu anunue memori, sugua ile aliyonayo. Sugua taratibu, kwa mwelekeo mmoja, kisha pangusa vumbi la raba kwa brashi laini. Msitumie msasa. Nimeona msasa ukitumika na sitaki kumtaja aliyeutumia, maana siku hiyo alikuwa na homa.

La pili ni mkato. Kila kizazi cha memori kina mkato wake katikati ya meno, na kwenye madabodi kuna kigingi kidogo kinachoingia kwenye mkato huo. Kizazi cha pili hakiingii kwenye bodi ya kizazi cha tatu, wala cha tatu kwenye bodi ya cha nne. Mkato umesogezwa makusudi ili mtu asikosee. Waliofanya hivyo, nadhani, hawakuwahi kukutana na seremala.

Sisi tulikutana naye. Alitoka Mchinga, mtu mpole, mwenye mikono safi ajabu. Alikuwa na kompyuta ya kizazi cha pili na memori ya kizazi cha tatu aliyotumiwa na mwanawe. Akaona mkato hauko mahali pake. Kwake lile lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kitasa na fremu vimepishana, na dawa yake inajulikana. Akachukua tupa na msumeno mdogo akachonga mkato mpya. Niseme ukweli, kazi ilikuwa nzuri. Pembe zilikaa sawa na kibao kiliingia bila kutikisika. Alipowasha, alisema, alisikia harufu kama ya samaki aliyesahauliwa jikoni. Bwana Hemedi aliikagua ile memori kwa kioo cha kukuzia, pande zote, kisha akamwomba ruhusa aihifadhi kama mfano. Bodi ilikuwa imekufa. Lakini mlango wa karakana, ambao seremala huyo alitutengenezea baadaye, haujawahi kukwama, kwa hiyo sioni sababu ya kumcheka.

Memori za laptopu ni fupi, karibu nusu ya hizi. Haziingii kwenye kompyuta ya mezani hata kwa maombi. Mama mmoja jirani yetu alituletea mbili akauliza kama tunaweza kuziunga ziwe moja ndefu. Lilikuwa swali la haki, nilimjibu hapana, akaondoka kwa amani.

Kuna nyingine ambazo ni hatari kwa sababu zinaingia vizuri. Bwana Hemedi aliwahi kuleta mfuko mzima kutoka Dar, zimetolewa kwenye mashine kubwa za ofisi, zile zinazowaka mwaka mzima ndani ya chumba chenye baridi. Urefu sawa, kizazi sawa, mkato sawa. Tuliziweka kwenye kompyuta zetu za kawaida, hakuna iliyoamka. Nikasema zote zimekufa. Bwana Hemedi hakubali kitu kufa kwa haraka. Alizipanga mezani akanitazama.

"Kuingia si kukubalika," alisema. "Hata mkwe huingia nyumbani. Subiri uone kama wataelewana."

Baadaye tulipata mashine moja kubwa iliyoletwa kutengenezwa, tukazijaribu humo. Zikafanya kazi kana kwamba hazijawahi kusemwa vibaya. Tangu hapo akaweka sheria: memori haihukumiwi kwenye mashine moja. Ikikataa hapa, ijaribu pale, ndipo useme ni mbovu. Mimi si mwepesi wa kushika sheria, lakini hiyo niliishika, labda kwa sababu nami nilikuwa nimekataliwa sehemu mbili kabla ya Mitwero.

Yaliyobaki nayapitia haraka, maana yapo kwenye maandishi ukiyatazama. Kabla ya kununua, fungua lile sanduku ambalo wote huku wanaliita sipiyu, mulika kwa tochi, usome jina la bodi, halafu utafute bodi hiyo inapokea kizazi kipi na mzigo kiasi gani. Usiangalie ganda la nje. Watu hubadilisha maganda. Memori za kasi tofauti zinaweza kukaa pamoja, ila zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, kama watu wanaomsindikiza bibi zahanati. Zilizoandikwa herufi ya L zinatumia umeme mdogo zaidi. Nyingi zinakubali kwenye bodi ya kawaida, lakini bodi inayotaka L peke yake usiipe ya kawaida. Ukiweka mbili, ziwe pacha, na uziweke kwenye nafasi zenye rangi moja kama bodi imepakwa rangi. Kama haikupakwa, ulizeni. Mimi nilikuwa naona haya kuuliza na sikupata faida yoyote.

Limebaki moja, ambalo nililijua kwa maneno muda mrefu kabla sijalielewa. Nalo lilitokea Mtama.

Mzee Bakari wa Mtama, Mungu amrehemu, alikuwa na chumba cha kuchapa na kutoa kopi mbele ya nyumba yake. Mashine yake ilitoka kwetu. Ilikuwa nzee hata siku tulipomuuzia, naye alijua, tulimwambia. Ilikuwa ya kizazi cha tatu, lakini ya mwanzo mwanzo, wakati kizazi chenyewe bado hakijazoea kuitwa hivyo. Alifariki msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Nilisikia kwa watu, nikapanga kwenda kuhani, sikwenda. Baadaye nilikwenda kwa sababu Tunu, binti yake, alipiga simu karakanani.

Aliniamkia, akaniuliza habari za nyumbani zote kwa utaratibu, ndipo akasema mashine ya baba inalia tu. Nikamwambia ajaribu raba. Akasema ameshasugua, baba alimfundisha. Kisha sauti ikabadilika kidogo. Dirisha la maombi ya chuo cha uuguzi lilikuwa linafungwa kesho yake. Mwaka uliotangulia hakuomba kwa sababu alikuwa anamuuguza huyo huyo baba. Vyeti vyake halisi vilikuwa vimekwenda Dar na baba mkubwa, vimechanganyika na karatasi za mirathi. Nakala zilizobaki zilikuwa ndani ya ile mashine. Wote tunafahamu kwamba binti akikaa nyumbani mwaka wa pili, watu huanza kumpangia mambo mengine.

Nilifika kesho yake asubuhi. Mama Tunu alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo alinisalimia kutoka nyuma ya pazia, akaniombea dua kabla sijafanya lolote, jambo linaloongeza uzito wa begi. Aliyenipokea alikuwa Seifu, mdogo wake marehemu. Alikuwa na hasira ambayo ilishapangwa vizuri tangu siku kadhaa. Nikakaa akanieleza.

Ukoo wa marehemu na ukoo wa Bwana Athumani, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu pale stendi, ni watani. Mnaojua mnajua. Kwa mgeni niseme tu kwamba mtani ndiye anayechimba kaburi lako, na ndiye anayekucheka ukiwa ndani yake. Msibani anachukua kitu chochote akipendacho mpaka kikombolewe, na ukimkasirikia, aibu ni yako. Siku ya kuanua matanga, Athumani alikaa kwenye kiti cha marehemu mbele ya mashine, akaiga sauti yake, akawafokea wanafunzi wasiokuwepo kwamba wanaharibu wino. Watu walicheka mpaka wakalia, na wengine walikuwa wanalia tangu mwanzo. Kisha akafungua ganda, akang'oa memori mbili, akazitia mfukoni. Akasema hazitoki bila jogoo.

Wakampa jogoo. Siku ya pili akaja kuzirudisha, akazipachika mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Ulipokuja, mashine ikalia. Tunu akamtumia ujumbe. Athumani akajibu kwamba mashine inamlilia marehemu, waiache imalize.

"Utani nauheshimu," Seifu aliniambia. "Lakini huyu kachukua nzima karudisha mbovu. Huo si utani, ni wizi uliovaa kofia ya utani. Wewe fungua, uone, useme. Mimi nakwenda kwa mtendaji leo leo."

Hapo nilielewa nimeitiwa kazi mbili. Kazi ya kompyuta nilikuwa na matumaini nayo kiasi.

Nilifungua. Memori zilizokuwemo zilikuwa ngeni kabisa. Zilikuwa mpya, zinang'aa, chipu nane upande mmoja, na upande wa pili mtupu. Zile tulizomuuzia Mzee Bakari nilizikumbuka, zilikuwa nzee, zimejaa chipu pande zote mbili kama mkate uliopakwa siagi na mtoto. Seifu alikuwa ameinama juu ya bega langu, akasoma uso wangu.

"Kabadilisha," alisema.

"Kabadilisha," nilikubali. "Kuiba bado sijui."

Akaniuliza kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi gani. Nilimwambia tu kwamba memori haihukumiwi kwenye mashine moja, na hapa mashine iliyopo ni moja. Aliniona mtu wa kukwepa. Sikumlaumu, nami nilikuwa najiona hivyo hivyo. Tunu alikuwa amesimama mlangoni akiangalia simu yake kila mara, kuona saa. Nilikuwa na njia ya pembeni, kung'oa diski inayohifadhi nakala na kuikimbiza Lindi, lakini umeme wa Lindi siku hizo ulikuwa wa kubahatisha, na nikimwambia hivyo Seifu angejua nimeshakata tamaa na mtani. Nikatia memori kwenye bahasha, tukaenda stendi wote watatu.

Athumani alikuwa mtu mnene, mwenye macho ya usingizi, amekaa kati ya spika mbili. Alipotuona akamuuliza Seifu kama ameleta jogoo wa pili, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa mzee kuliko marehemu. Seifu hakujibu. Kwa mtani, kutojibiwa ni kama kutemewa mate. Uso wa Athumani ukapoa.

Nikamwomba nifungue mashine yake. Akasema fungua, humo kuna taarabu tu. Nikafungua. Na humo ndani, zimekaa kwa raha zao, zilikuwemo memori za Mzee Bakari, chipu pande zote mbili.

Seifu alisema "Haya" moja, ndefu. Alikuwa tayari kugeuka kwenda kwa mtendaji. Nikamwomba asubiri kidogo. Niliomba kwa adabu kuliko nilivyohitaji, kwa sababu sikujua nitakachokiona. Nikazitoa zile za zamani nikaweka zile mpya kwenye mashine ya Athumani, nikawasha.

Ikaamka. Haikulia hata mara moja. Nikatazama kiasi cha memori kwenye skrini, nikatazama tena, maana huwa siamini ya kwanza. Ilikuwa mara mbili ya ile ya marehemu. Zilikuwa nzima, mpya, na bora kuliko zile mbili za marehemu. Nikamwonyesha Seifu kwa kidole. Nikamwambia kwamba, kwa ninavyoweza kuona mimi, ambaye naweza kukosea, huyu bwana kachukua kidogo akarudisha kikubwa.

Seifu alitazama skrini kwa muda. "Sasa kwa nini kule kwetu inalia?"

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka mjifunze. Bodi kuukuu ya kizazi cha tatu haiwezi kuhesabu mzigo mkubwa ndani ya chipu moja. Memori yenye chipu nane, kila chipu imebebeshwa sana, kwake ni kitu isichokijua, ingawa mkato ni sawa na kizazi ni sawa. Inataka mzigo huo huo ugawanywe kwa chipu nyingi ndogo, pande zote mbili. Bodi ya Athumani ilikuwa changa zaidi, ilikubali zote. Kwa hiyo mtu akija na mashine ya enzi hizo, msiangalie ukubwa ulioandikwa peke yake. Geuzeni kibao muone mgongo wake. Athumani hakukosea kwa uzembe. Alimwambia muuzaji kizazi, akamwambia ya mezani, akakagua mkato. Wengi wetu tungesimama hapo hapo.

Niliyaeleza hayo, nadhani vibaya zaidi ya nilivyoyaandika. Athumani alikuwa amepunguza sauti ya spika. Aliniuliza, bila mzaha wowote, kama ina maana alizoleta ni bure kule. Nikamwambia kule ni bure, ndiyo. Ndipo akasema kwamba Bakari alikuwa akimlalamikia kila siku mashine inakwenda kama konokono, na yeye alikuwa akimjibu kwamba inafuata mwenyewe. Mwisho alipokwenda Dar akamnunulia memori, akanuia kumpa kwa matusi. Aliporudi, Bakari alikuwa hoi kitandani, hakupata nafasi ya kumtukana.

"Basi si ungetupa tu msibani," Seifu alisema, "kama watu?"

"Ningekupa wewe?" Athumani alimjibu. "Mtani hatoi rambirambi, Seifu. Mtani anaiba."

Seifu akakohoa. Akaanza kusema kitu cha kuomba radhi, nikaona mdomo unajipanga. Athumani akamkata, akasema neno moja zaidi la radhi na atamtoza jogoo, safari hii mchanga. Seifu akafunga mdomo. Wakaanza kubishana kuhusu umri wa jogoo wa kwanza, na nikajua kwa mtendaji hatuendi tena.

Tunu ndiye aliyetukumbusha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba jua limepinda.

Tulirudi kwa haraka, Athumani nyuma yetu, ameacha kibanda kikiimba peke yake. Nikapachika zile nzee mahali pake pa zamani. Nilizibana mpaka vishikio vya pembeni vikasema ta, ta. Hilo nalo mlishike, watu wengi huogopa kubana. Mashine ikaamka kwa mwendo wake wa konokono, na safari hii hakuna aliyeitukana. Nakala za vyeti zilikuwepo. Tunu akakaa kwenye kiti cha baba yake, akaunganisha simu kupata mtandao, akaanza kujaza.

Kupandisha cheti kimoja kwa mtandao wa Mtama ni kazi ya kumpa mtu dini. Sisi wanaume tulitoka tukakaa barazani ili tusimpumulie. Kutoka nyuma ya pazia Mama Tunu alikuwa anauliza kila baada ya muda kama tayari, na Tunu anajibu bado, mama, na sisi tunajifanya tunazungumza korosho. Athumani aliniuliza ni zipi angetakiwa kununua. Nikamwelekeza. Nikamwambia pia kwamba karakanani huenda zimo, na kwamba zile zake mpya zikae kwake, nyimbo zitaingia upesi. Alisema nyimbo haziendi popote. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mikorosho Tunu alipotoka mlangoni. Ameshika simu kwa mikono miwili. Akasema maombi yamepokelewa.

Mama yake nyuma ya pazia alisema Alhamdulillah mara nyingi. Kisha akamwambia mwanawe amshukuru Bwana Athumani kwa mkono wake wa heri. Athumani akashtuka. Akatazama chini, akaanza kutafuta kandambili zake kwa miguu, kama mtu anayetaka kuondoka kabla ya hotuba. Nilimwonea huruma. Mtani akishukuriwa hadharani anabaki uchi.

Tunu alimtazama kidogo. Alikuwa na macho mekundu, lakini alisimama wima kabisa.

"Shikamoo, mwizi," alisema.

Athumani akaacha kutafuta kandambili.

"Marahaba, mtoto wa bahili," alisema. "Nenda kasome upesi, urudi unichome sindano."

"Nitakuchagulia yenye kutu."

Athumani akaegemea ukuta, akatulia, kama mtu aliyelipwa stahili yake yote. Nyuma ya pazia nikasikia Mama Tunu anacheka. Sijui kama mtu aliye ndani ya eda anaruhusiwa. Seifu alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyeuliza.